Kibali cha Gari la Ng'ombe

Mchanga wa nchi hii una daftari.
Nalishika mimi, jalada la kijani,
na kalamu nimeifunga uzi kwenye mguu wa meza
maana madereva wana haraka
na kalamu ya Serikali haina mwenyewe.

Kituo chetu kibanda cha mabati na mnyororo,
kopo jekundu limetundikwa katikati ili uonekane.
Nyuma yangu shimo. Mbele yangu Fuso sita zinanguruma,
na kila moja ina karatasi:
barua ya sheha, isemayo huyu tunamjua;
muhuri wa Wilaya, usemao sheha tunamjua;
saini ya Misitu, kwamba miti ilihesabiwa kabla ya kung'olewa;
saini ya Wizara, isiyosema kitu,
mkunjo tu, kama nyungunyungu baada ya mvua;
na risiti ya benki.
Risiti ndiyo niisomayo mara mbili.

Msinicheke. Mimi nilikuwepo kabla ya mnyororo.
Niliwaona wakichimba usiku kwa taa za simu
mpaka mnazi wa Pandu Machano ukaamkia njiani,
mizizi juu, kama mtu aliyevuliwa nguo mbele za watu.
Nilikinywa kisima cha skuli kilipoanza chumvi.
Kwa hiyo nikisema, "Rudi, muhuri haukukolea,"
sisemi kwa roho mbaya.
(Siku nyingine nasema kwa roho mbaya.)

Jumatano, baada ya adhuhuri,
akaja Bi Sihaba binti Vuai na gari la ng'ombe la kukodi,
kijana Mcha ameshika kamba.
Anataka mchanga wa lipu, ukuta wa jiko umepasuka.
"Kibali?"
Akafungua ncha ya kanga. Vyote vimo:
sheha, Wilaya, Misitu, Wizara, benki.
Miezi miwili, na nauli ya mjini mara nne,
kwa mchanga wa kuvutwa na ng'ombe mmoja.

Nikajaza. Jina. Ujazo. Chombo: ng'ombe, mwekundu.
Safu ya mwisho yauliza mchanga unatoka wapi.
Nikaandika: Shimo Namba Nne.
"Umeandika nini hapo?"
Nikamsomea.
"Hapo," akasema, "ni kwangu."

Nikatoa daftari la fidia, limeliwa na mchwa pembeni.
Kweli. Minazi kumi na mmoja, mdanzi mmoja,
muhogo robo eka. Vimelipwa, dole gumba limo.
Ardhi haikulipwa; ardhi ni ya Serikali,
mti ndio wa mtu. Tulizaliwa tukayakuta.
Nikatafuta kosa,
nikapitisha kidole mstari kwa mstari,
na kila hesabu ilikuwa sawa.
Ningalipata hata shilingi moja iliyopotea
ningalikuwa na la kumwambia.

Mimi si mtu wa kushuka shimoni. Siku ile nilishuka.
Upande uliokwisha, Misitu wamepanda mivinje,
kila mche na kibao chake;
vibao vingi vimebaki peke yao.
Mcha akapiga sepetu.
Bi Sihaba akateka gao la mchanga, akaunusa
kama anayepima unga uliolala.
"Huu si wangu. Wangu ulikuwa wa juu,
mweusi, una mizizi. Huu ndiyo kwanza nauona."
Akauacha ule weupe umwagike katikati ya vidole.
"Miaka thelathini nalima,
kumbe nalima juu ya nyumba za watu."

Fuso zikapiga honi.
Nikarudi mezani, nikashusha mnyororo.
Gari la ng'ombe likapita, gurudumu moja lalia kwa kukosa mafuta.
Saa ya kutoka: nane na dakika arubaini.

Kuna mahali pameandikwa Maoni ya Karani.
Hapajajazwa na mtu tangu daftari lichapwe.
Nikaandika: Mwenyewe amekuja.

Mkaguzi hupita kila baada ya miezi mitatu.
Ataniuliza maana yake.